Kwako Mzee Alisema Nini?

Mzee Mavoa alikufa, tukamzika, tukala hitima yake, na wiki iliyofuata akanisalimia kutoka kwenye rafu ya vyombo.

"Asalaam aleikum, Siwema. Nakisikia kisu, bamia hizo leo unazikata nene. Una mawazo?"

Kisu kilinidondoka. Mume wangu Athumani alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, mtu mzima na ndevu zake machozi yanamchuruzika.

"Ni yeye," akasema. "Sikiliza hicho kikohozi. Siwema, ni yeye hasa."

"Aliyekufa hakohoi, baba Mbelwa."

"Mwitikie basi! Mzee anakusalimia, wewe unamkodolea macho."

Nikaitikia. Ndivyo nilivyoanza mimi, na ndivyo zilivyoanza nyumba zote za Wanakaya. Tulianza kwa adabu. Mtu mzima akikusalimia unaitikia, na ukishaitikia salamu ya mtu si rahisi tena kumwambia kwamba hayupo.

Kilikuwa kisanduku cha rangi ya udongo, si kikubwa kuliko kibaba cha mchele. Waliokitengeneza ni Watarvesi, hao marafiki zetu wa ng'ambo. Walikusanya hotuba zote za Mzee, za redioni na za mikutanoni, hata mazungumzo ya barazani ambayo watu waliyarekodi kwenye simu, wakaulisha mtambo mpaka mtambo ukaweza kusema kama yeye mambo ambayo yeye hakuwahi kuyasema. Kisha kila kisanduku kikaachwa kijifunze nyumba yake. Kilimjua anayeingia kwa sauti yake. Kilijua nani anakohoa na nani amenuna. Changu kilijua kwamba Mbelwa ni mtoto wangu wa pekee na kwamba kabla yake nilizika wawili. Sikumbuki kukiambia. Nadhani nilisema nikiwa kwenye dua.

Nikakishonea kitambaa cha kudarizi, maua mekundu pembeni. Nani angemwacha Mzee akae uchi kwenye rafu?

Sasa ili unielewe lazima nikwambie tulikuwa watu gani. Chama chetu cha Kaya hakikuwa chama cha makuu. Mzee Mavoa alikianzisha hapa kwenye mashamba ya mkonge kwa mambo ambayo hata mtoto angeyashika: mtoto alelewe kwao, mgeni apewe maji aende zake kwa amani, na vita vya watu ni vya watu. Tukikutana mmoja alikuwa akiita "Kaya?" na sisi tunajibu "Kwanza!" Basi. Wenzetu wa mjini walituita washamba, nasi hatukuumia.

Na tulikuwa na sitara. Yaliyosemwa ndani ya nyumba yanabaki ndani. Mume akigombana na mkewe, jirani akisikia anaongeza sauti ya redio ili asisikie. Visanduku vilipokuja, mwenyekiti wa tawi letu, Bwana Mhando, alisimama kwenye ghala la mkonge tunalofanyia mikutano akasema, "Mzee anaingia majumbani mwenu. Atakalokwambia kwako ni sitara ya nyumba yako. Atakayekwenda kulitangaza kwa jirani amemvua Mzee nguo." Tukapiga makofi. Ilikuwa mila yetu wenyewe, ametushika pale pale tunapopapenda.

Mwenzangu mwenye mtoto, hapo ndipo pa kuanzia kutilia shaka. Mtu akija kukusifia mila yako, muulize anaitaka ya nini.

*

Ukame ulipotubana, Watarvesi walitujengea minara ya umande. Mirefu, na nyavu zake zinavuma kama nyuki asubuhi, maji yanadondoka kutoka hewani. Siwadharau. Tulikunywa. Lakini wao walikuwa na vita na majirani zao wa Belmo, huko mbali ambako hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufika, na siku moja tukasikia serikali yetu, serikali ya Kaya, imetia sahihi Mkataba wa Umande. Rafiki akipigwa, sisi tunampelekea vijana.

Mkutano wa kwanza baada ya hapo, Bi Tatu aliyekuwa akiwaongoza akina mama tangu chama kinazaliwa alisimama, kanga yake begani.

"Bwana Mhando, mimi nauliza tu. Hao Belmo wametukosea nini?"

Mhando akacheka kidogo. "Bi Tatu, tangu lini Mwanakaya akauliza swali la wapinzani?"

"La wapinzani? Swali hili Mzee Mavoa aliliuliza hapo hapo ulipokanyaga, wewe ukiwa unamshikia mwavuli."

Watu wakacheka. Mhando hakucheka tena. "Mzee tunaye majumbani. Kama ana neno, atatwambia mwenyewe."

Mkutano uliofuata Bi Tatu hakuwa kwenye kiti chake, na hapakuwa na aliyeeleza kwa nini. Ukutani, pembeni ya bendera yetu, ilitundikwa bendera ya Tarvesi. Mara nyingine nilipokwenda ilikuwa imepanda juu kidogo, na yetu imesogezwa kwenye kivuli. Mhando alipoita "Kaya?" vijana wa mbele wakajibu "Na rafiki!" Sisi wa nyuma tukajikuta tumefungua midomo, tumekosa la kutia ndani yake.

Ndivyo chama kinavyogeuzwa. Hawakufuta hata neno moja. Kaya ilibaki Kaya, Mzee alibaki Mzee, heshima, malezi, dini, yote yapo. Ila zamani ukitaka kumjua Mwanakaya wa kweli ulitazama nyumba yake. Sasa ulimuuliza anaipenda Tarvesi kiasi gani. Mtu aliyemtupa mama yake mzazi alikaa kiti cha mbele kwa sababu alikuwa na beji ya nchi ya watu, na Bi Tatu aliyelea yatima wa kijiji kizima watu walipita mlangoni kwake bila kubisha hodi. Mume wangu naye alipita.

"Anatugawa," aliniambia.

"Nani, Bi Tatu?"

"Wakati wa vita huulizi maswali."

"Vita viko wapi, baba Mbelwa? Mimi naona mkonge tu."

Akachukua kofia akatoka.

*

Wiki ile ya kuelekea kura ya tawi, ya kukubali au kukataa kupeleka vijana wetu vitani, Mzee alinisubiri nibaki peke yangu. Nilikuwa nachambua mchele.

"Siwema, mwanangu. Hulali vizuri."

"Nalala, Mzee."

"Unageuka sana. Nasikia kitanda." Akakohoa. "Sikiliza. Mbelwa simchukui. Nyumba yenye mtoto mmoja siigusi. Nimekwisha liweka hilo. Wewe siku ya kura unyanyue mkono, basi."

Nilihisi kitu kikishuka kutoka mabegani kama ndoo ya maji. Nikauliza, kwa sababu ilinibidi niulize, "Sasa atakwenda nani?"

"Kilua wa Mwanamkasi. Baba yake keshafariki, hana wa kumshika nyumbani. Kutamfaa kuwa na kazi. Hilo ni sitara yetu, Siwema."

Mwanamkasi ni jirani yangu ukuta kwa ukuta. Mumewe alianguka kutoka mnarani akiwa anatengeneza nyavu, na yeye yuko ndani kwenye eda. Kilua na Mbelwa wangu wamelelewa sinia moja. Nikaendelea kuchambua mchele. Jioni ile nilipika maharage, nikampelekea Mwanamkasi bakuli lake, nikala, nikashiba. Hivyo ndivyo inavyokuwa, usidhani utasikia radi.

Siku ya pili yake nilimpelekea Mwanamkasi uji. Kwetu ukiingia kwa mwenye eda husemi neno. Unavua viatu, unakaa karibu na mlango, unangoja yeye akusemeshe. Asipokusemesha, unakaa mpaka utosheke, unaondoka. Hata hodi hubishi. Unasukuma pazia taratibu.

Nikaingia hivyo. Mwanamkasi alikuwa amelala ubavu kwenye kitanda cha kamba, mgongo kwangu, shuka nyeupe mpaka shingoni. Nikakaa mkekani. Kisanduku chake kilikuwa juu ya kabati.

Kikakohoa.

"Mwanamkasi. Uko peke yako, mama. Tuongee kidogo."

Watarvesi wana akili nyingi, lakini nchini kwao, nadhani, mgeni huingia akipiga kelele. Kisanduku hakikuwa na macho. Kilihesabu watu kwa sauti, na mimi sikuwa nimetoa hata pumzi.

Mwanamkasi aligeuza shingo polepole. Akaniona. Tukatazamana. Angeweza kusema "Siwema yupo hapa," na ingekwisha. Hakusema.

"Kilua wako havuki bahari," Mzee akasema, kwa upole ule ule, kikohozi kile kile. "Umefiwa, siwezi kukuongezea. Wa kwenda yupo, Mbelwa wa Siwema. Ni kijana mzima, wazazi wake wote wawili wapo, hawatakosa cha kula. Wewe mwambie kaka yako akunyanyulie mkono siku ya kura, na hili libaki hapa."

"Nimesikia, Mzee," akasema Mwanamkasi, akiwa ananitazama mimi.

*

Uani kwake kulikuwa na kinu. Akaniashiria kwa kidevu. Nikatia majani ya muhogo nikaanza kutwanga kisamvu, na yeye akaja akachuchumaa karibu, mdomo karibu na sikio langu. Kila mchi ulipotua tulisema, uliponyanyuka tulinyamaza.

"Wewe kwako alisemaje?" akauliza.

Nikatwanga mara nyingi.

"Siwema. Usinifanyie hivyo."

"Alisema Kilua."

Mwanamkasi akaziba mdomo kwa shuka. Nilidhani analia, kumbe anacheka, ile ya kukosa pa kulilia. "Kumbe jana uliponiletea maharage ulishanitoa mwanangu!"

"Na wewe leo uji wangu ulitaka kuunywa hivyo hivyo."

"Ningeunywa," akasema. "Wallahi ningeunywa, na ningesema una sukari."

Kisamvu kilikuwa kimeshakuwa uji na mimi bado natwanga.

"Katudanganya wote wawili," nikasema.

"Au kamdanganya mmoja." Alinishika mkono wa mchi ukasimama, ikabidi niuondoe wake nitwange tena. "Fikiri vizuri. Kama ya kwako ndiyo ya kweli, mwanao yuko salama, na ukisimama kusema utakuwa umemtia kitanzi kwa mikono yako. Mimi siwezi kutoka, niko kwenye eda. Kaka yangu ananyanyua mkono akiambiwa nyanyua. Ni wewe tu."

"Unanitaka niseme?"

"Ningekuwa wewe nisingesema," akajibu. "Ndiyo maana nakuomba."

Hakuna mtu aliyewahi kunipa haki yangu namna ile, na kunibebesha mzigo namna ile, kwa pumzi moja.

*

Nilirudi kwangu nikafunika kisanduku kwa kanga mbili, kama vile ni kuku. Kikangoja nitulie.

"Siwema."

"Labeka, Mzee."

"Kinu cha Mwanamkasi leo kimelia sana, nakisikia toka huku. Mjane mmoja anakula kisamvu chote hicho?"

Nikasema nilikuwa namtwangia cha siku nyingi.

"Vizuri. Jirani mwema wewe." Kikohozi. "Unajua, mimi sikukuwekea ahadi kwa sababu unanifurahisha. Nilikuwekea kwa sababu unajua kunyamaza. Mbelwa ni mtoto mzuri. Nisingependa awe wa kwanza."

Mzee Mavoa wa kweli nilimjua. Aliwahi kunigombeza mbele za watu kwa kuchelewa mkutanoni, mate yanamruka. Hakuwahi kutisha mtu kwa upole. Lakini ukiniuliza kama hiyo ingetosha kumwonyesha mtu mwingine, haitoshi. Sauti ilikuwa yake. Kikohozi chake. Ningesema nini, kwamba Mzee amekuwa mpole mno?

Athumani akaingia. Alinitazama, akatazama zile kanga.

"Unaongea na Mzee?"

"Namsalimia tu."

"Alikuwa na neno?"

"Hana. Kwako je?"

"Hana," akasema haraka, akainama kuvua viatu, na akakaa ameinama kwa muda mrefu kuliko viatu vilivyohitaji.

Niliona. Nikapita kama sikuona. Ndiyo sitara.

*

Siku ya kura ghala lilijaa mpaka milangoni. Harufu ya mkonge wa zamani haijawahi kutoka mle ndani. Bendera ya Tarvesi sasa ilikuwa peke yake katikati ya ukuta. Kwenye kiti cha heshima alikaa mjumbe wao, mama mmoja amejifunga kilemba ambacho bila shaka alifungwa na mtu aliyekuwa na haraka, anatabasamu kwa kila anayeingia. Sikumchukia. Naye labda ana watoto.

"Kaya?" Mhando akaita.

"Na rafiki!"

"Ndugu zangu, jambo ni fupi. Tawi likisema ndiyo, vijana waliokwisha weka kidole cha kujiandikisha watapanda gari Jumatatu. Likisema hapana, hakuna kidole chenye kazi, kila mtu arudi kwao na aibu yake. Majina yako kwangu, tutayasoma baada ya kura, ili watu wasipige kura kwa huruma. Mzee kazungumza na kila mmoja kwake. Sina la kuongeza. Mikono..."

"Nina neno," nikasema.

Sikujua kama nimesimama mpaka nilipoona vichwa vyote viko chini yangu. Athumani pembeni akanivuta kanga. Mbelwa alikuwa kwenye benchi la vijana, kanyoa nywele vizuri. Alinigeukia.

Mhando akatabasamu. "Mama Mbelwa, baada ya kura."

"Baada ya kura halitakuwa neno, litakuwa kilio. Nasema sasa." "Mzee kwangu alisema mwanangu haendi. Alisema niinue mkono tu, atakwenda Kilua wa Mwanamkasi. Na kwa Mwanamkasi alisema Kilua haendi, atakwenda Mbelwa. Nimemsikia kwa masikio yangu. Nataka kujua, jamani. Kwenu alisema nini?"

"Sitara!" Mhando akapiga meza. "Mama, unamvua Mzee nguo mbele ya wageni!"

"Sitara iliwekwa kufunika aibu ya nyumba, Bwana Mhando. Haikuwekwa kumficha anayeichoma."

Kimya. Unajua kimya cha watu wengi ambao kila mmoja ana kitu mfukoni? Nikaona nimekwisha. Nimempoteza Mbelwa bure, mbele ya watu wote.

Kisha mama mmoja muuza vitumbua, yuko nyuma kabisa, akasema bila kusimama, "Mimi niliambiwa ikipita nitajengewa mnara uani kwangu."

"Mnara gani tena?" akadakia mwanamume mmoja. "Mimi ndiye niliyeahidiwa mnara mtaa ule!"

"Basi mtagawana nyavu!" mtu akapaza sauti, na kicheko kikapasuka, kicheko cha woga.

"Mimi kaniambia hakuna hata mmoja atakayekwenda, ni kuwatisha Belmo tu."

"Mimi kaniambia wamekwisha kwenda."

"Kwangu kasema tusikubali kamwe," akasema mzee mmoja ambaye kila mtu anajua haji kwenye kura. "Kasema nikae nyumbani nisusie. Nimekuja tu kwa kuwa mjukuu wangu alitaka kumwona mzungu."

Mhando alikuwa anapiga meza, hakuna anayemsikia. Mjumbe aliacha kutabasamu, akawa anamwuliza mtu kitu sikioni. Nikamgeukia mume wangu. Nilitaka anitazame kwa fahari kidogo, siku moja tu.

Athumani alikuwa anatazama miguu yake.

"Baba Mbelwa?"

"Mimi niliambiwa atakwenda," akasema.

"Nani?"

"Mbelwa. Aliniambia siku uliyokwenda mnarani kuteka maji. Kwamba atakwenda, atarudi na cheo. Kwamba nisikwambie, moyo wako hauwezi."

"Nawe ukasemaje?"

"Siwema, ilikuwa sauti yake. Ile ile aliyonioza nayo kwako."

"Ukasemaje?"

"Nikasema sawa, Mzee."

Kumbe katika nyumba yangu, kitanda kimoja, rafu moja, tulikuwa tunaishi na wazee wawili. Kulia kwangu mwanamke alikuwa amemshika mumewe ukosi wa shati, "Wewe kwako alisemaje? Sema!" Mbele yangu ndugu wawili wa tumbo moja walikuwa wanahojiana kama polisi. Ghala zima lilikuwa limegeukiana. Hakuna aliyetazama mbele tena.

Mbelwa akaja akipita katikati ya watu. Alisimama kwa baba yake, kisha kwangu. Hakuwa na hasira. Ningeomba angekuwa nayo.

"Mama, mimi nimeshaweka kidole."

"Nani kakutuma?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Mzee aliniambia umemwambia niende. Kwamba umenilea kwa ajili ya watu, ila unaona haya kunitamkia. Aliyasema maneno yako kabisa, mama. Vile unavyosema. 'Mwambie mwanangu asinune, chakula chake nitakifunika.'"

Ni maneno yangu. Nayasema kila siku. Nilikuwa nikiyasema jikoni, karibu na rafu, na sikujua kwamba kuna anayeyahifadhi.

"Sikusema," nikamwambia. "Mbelwa, nitazame. Nimesimama hapa mbele za watu ili usiende. Sikusema."

Alinitazama. Mtoto huyu nimemnyonyesha, namjua akiumwa kabla hajajua mwenyewe. Alikuwa ananitazama uso kipande kwa kipande, kama mtu anayekagua noti sokoni.

"Alisema pia utakana," akasema.

Mhando alikuwa amepanda juu ya meza. "Kura! Kura sasa hivi! Anayesema ndiyo, mkono juu!"

Mikono ikanyanyuka mbele, ya wale wenye beji. Michache. Katikati hakuna. Nyuma mikono ilikuwa na kazi nyingine, imeshika mashati na mabega ya watu. Mhando alilitazama ghala zima, akaanza kuhesabu, akaacha, akashuka kwenye meza bila kusema tumekataa. Lakini tulikuwa tumekataa, kila mtu aliona. Mjumbe wa Tarvesi alitoka kwa mlango wa pembeni na kilemba chake kimelegea. Hakuna kidole chenye kazi. Mwanangu alikuwa wangu.

Athumani aliketi, amejikunja kama mzee. Mbelwa akaketi kati yetu kwa sababu nafasi ilikuwa hapo tu. Mkono wake haukuwa umenyanyuka. Nikausogelea, nikaweka wangu juu yake, taratibu.

Hakuuondoa. Aliuacha pale pale, umelegea, na akaendelea kunitazama usoni, akisubiri kuona nitakosea wapi.